Nyumba Mtwara au Lindi: ununue iliyokamilika, ujenge pole pole, au uendelee kupanga?

Kila korosho zikilipwa hili swali linarudi. Mtu kapata milioni zake kadhaa, au mtumishi mkopo wake umepita, au kijana yuko Dar miaka yote anataka kurudi nyumbani, anauliza jamani ninunue nyumba huku au nisubiri kwanza? Majibu anayopata huwa ya aina mbili tu, wa kwanza watamwambia nunua leo maana gesi ikianza hutagusa hata choo, wa pili watamwambia mji huu umelala tangu mkoloni peleka hela zako Dodoma. Kote kuna ukweli kidogo ila hakuna aliyemuuliza yeye anafanya kazi gani, ana watoto wangapi na anategemea kukaa huku mpaka lini.

Naweka njia tatu ambazo watu wengi huku wanazunguka humo humo: kununua nyumba ambayo tayari imesimama, kununua kiwanja ujenge mwenyewe kidogo kidogo, na kuendelea kupanga huku hela yako ikikaa sehemu nyingine. Zote nazipima kwa vitu vile vile vitano. Kwanza hela inavyotoka na inavyorudi. Pili karatasi, yaani ulichonunua ni chako kweli au ni cha ukoo wa mtu. Tatu urahisi wa kutoka mambo yakibadilika, na hiki kwa mji kama wetu naona ndo kizito kuliko vyote. Nne maisha ya kila siku, maji, umeme, barabara, hospitali. Tano bahari na hali ya hewa.

Kwanza mji wenyewe

Asiyejua historia atafikiri wasiwasi wa huku ulianza na gesi. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vililetwa na mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, mradi ukafa 1951, treni zikasimamishwa mwanzoni mwa miaka ya sitini, na katikati ya hayo makao makuu ya jimbo yakatolewa Lindi yakaletwa Mtwara, Lindi ikabaki na magofu yake mazuri pale chini karibu na bahari. Kwa hiyo sisi kuahidiwa mambo makubwa hatujaanza leo.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982 lakini joto lenyewe la viwanja lilipanda baada ya 2010 kampuni za nje zilipoanza kupata gesi kule kwenye maji ya kina kirefu. Shangani, mtaa wa ufukweni hapa Mtwara, nyumba zikaanza kutajwa kwa dola, kila mwenye shamba Naliendele kule nje ya mji akawa anapigiwa simu na dalali. 2013 ikaja vurugu ya bomba, watu wa Mtwara walipopinga gesi kupelekwa Dar, 2015 bomba la kwenda Dar likazinduliwa, na kabla hata ya hapo bei ya mafuta duniani ilishaporomoka tangu katikati ya 2014 wageni wakaanza kufunga mabegi. Gesi ikaendelea kutoka, tena mpaka leo inatoka, ila gesi kwenye bomba haipangi nyumba wala haili chips mayai, na hapo ndo wengi walipiga hesabu vibaya. Sasa hivi jina ni LNG ya Likong'o pale Lindi, yaani kiwanda cha kugeuza gesi kuwa kimiminika isafirishwe kwa meli, makubaliano ya awali yalisainiwa Juni 2022, uwekezaji unaotajwa unapita dola bilioni 40, ila uamuzi wa mwisho wa wawekezaji kumwaga hela bado tunausubiri.

Msimamo wangu ni huu na utauona kote huko chini: pima nyumba kama vile gesi haiji kabisa. Mji uliopo leo unakula kwa korosho, bandari, mishahara ya watumishi, vyuo, hospitali, samaki na kiwanda cha saruji cha Dangote pale Msijute. Kama nyumba ina maana kwa mji huo huo uliopo, basi LNG ikija ni ya juu yake, isipokuja hujalala njaa. Kama nyumba inakuwa na maana pale tu mzungu wa LNG atakapokuja kupanga, hapo unacheza kamari, na sisemi usicheze ila jua kwamba unacheza.

Hela

Nyumba iliyokamilika inataka hela yote kwa mpigo au mkopo wa benki, na benki inataka hati, na riba zetu ni za tarakimu mbili. Kuna hesabu moja rahisi ambayo madalali hawaipendi. Chukua bei ya nyumba ugawe kwa kodi ambayo nyumba hiyo hiyo ingepangishwa kwa mwaka. Tuseme nyumba Shangani inauzwa milioni 70 na majirani wenye nyumba kama hiyo wanapangisha laki mbili na nusu kwa mwezi, hiyo ni milioni 3 kwa mwaka, inakuja miaka 23 na ushee. Tuseme nyingine Magomeni ya hapa Mtwara inauzwa milioni 27 na inapangishika laki na nusu, hiyo ni miaka 15. Namba hizi ni za mfano weka za kwako, ila mimi nikiona imevuka miaka 20 huwa najua kuna sehemu ya bei ambayo hailipii matofali, inalipia matumaini ya muuzaji. Na hapo hujatoa kodi ya zuio, ile asilimia 10 ya serikali kwenye pango ukipangisha kihalali, hujapaka rangi, hujabadilisha bati.

Kwa mtu anayenunua akae mwenyewe hesabu hiyo inalegea kidogo, maana amani ya kutogongewa mlango na mwenye nyumba huwezi kuigawa kwa miaka. Ila ifanye tu, itakupa nguvu ya kushusha bei.

Kujenga kunaendana na hela za huku zinavyoingia. Mkulima wa Tandahimba au Newala anayejenga Mtwara mjini hapati mshahara, anapata hela ya mnada wa korosho. Msimu huu msingi na jamvi, msimu ujao kuta mpaka lenta, wa tatu anapaua. Saruji inatengenezwa hapa hapa, mchanga na kokoto vipo, kinachouma ni bati, vigae, waya, rangi na vitu vya chooni ambavyo vingi vinapanda gari kutoka Dar. Tatizo ni msimu ukigoma. 2018 serikali iliingia kununua korosho yenyewe kwa 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzibeba, wengi walisubiri malipo miezi na miezi, na mafundi wa mji mzima walikaa vijiweni. Oktoba 2024 minada ikafunguka kwa zaidi ya 4,000 mji ukachangamka hatari. Ukijenga kwa korosho unajenga kwa mwendo huo, panda shuka.

Na nyumba iliyoishia njiani haikusubiri. Pita maeneo ya pembezoni utaona maboma ya enzi za gesi, mpapai umeota sebuleni unazaa kabisa, tofali za juu zimeliwa na mvua kwa sababu hazikufungwa lenta, na zile nondo za nguzo zilizoachwa zimechomoza zimevimba kutu kiasi kwamba ukikwangua kwa kucha zinatoka magamba. Anayekuuzia boma kama hilo atakwambia umebakiza kupaua tu. Mpeleke fundi wako, sio wake, mara nyingi kuta za juu inabidi zishuke.

Kupanga hela ndogo inatoka ila haikomi, miezi sita au mwaka mapema, dalali naye anakula mwezi mmoja wake. Watu wanasema kodi ni hela ya bure unamtajirisha mwenzio, mi naona inategemea hiyo milioni 30 ambayo hukununulia nyumba iko wapi. Kama iko kwenye hati fungani za serikali au vipande vya UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja, au imeingia kwenye biashara inayozunguka, kodi yako inaweza ikalipwa na faida na bado mtaji ukawepo. Kama iko kwenye simu na kila ijumaa inapungua, basi heri ungenunua hata kiwanja. Kitu kidogo cha mpangaji: ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye luku ni ya mwenye nyumba, elewaneni aikate kwenye kodi yako, wengi wanalipa miaka bila kujua.

Karatasi

Hapa ndo hela za watu zinapopotelea kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa nyumba iliyokamilika, nzuri ni yenye hati miliki. Angalia hati ni ya miaka mingapi, 33, 66 au 99, na imebakiza mingapi, angalia kama kodi ya pango la ardhi haina madeni ya miaka, afu kafanye upekuzi rasmi ofisi ya ardhi ya mkoa, siku hizi kila mkoa unayo ya kwake, uone jina ni la nani na kama benki haijaishikilia. Muuzaji akiwa na mke au mume lazima mwenzake aridhie kwa maandishi, Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya ndoa na kuna watu wamerudishwa mahakamani mke kaibuka kutoka Masasi anasema sikuambiwa. Usiridhike na neno la "mama anajua". Mama mwenyewe aje, akae, asaini.

Nyumba za zamani za Mikindani, ule mji mkongwe jirani na Mtwara, na za Lindi chini kule mjini, nyingi ni za urithi. Aliyejenga kafariki zamani, watoto wengine wako Zanzibar, mwingine Dar, mwingine naye kafariki kaacha wajukuu, na aliyepo ndo anauza. Hapo unataka barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi na kikao cha warithi chenye saini zao, tena piga simu hata kwa yule wa mbali umsikie. Zinakuwaga bei nzuri hizi nyumba, kuta nene, baridi ndani hata mwezi wa kumi na mbili, ila warithi kumi na moja ni wauzaji kumi na moja.

Kiwanja kina mitego yake ya kikwetu. Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua kwa asili ardhi inafuata upande wa mama, mjomba ana sauti kubwa kuliko baba, sasa wewe umetoka Kilimanjaro au Mwanza umekaa na baba wa familia mkakubaliana mkapeana hela mkanywa na soda, baada ya mwaka anakuja mjomba na dada zake wanasema shamba hili ni la bibi yetu. Hawakuibii, kwao ni kweli. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza shamba lilitoka kwa nani, na kikao kiwe na watu wa upande huo. Jingine ni mikorosho. Unaweza ukanunua ardhi ukakuta miti ni ya mtu mwingine, kaka kapewa ardhi, dada kapewa mikorosho, na msimu ukifika dada anaingia kwako na ndoo yake kuokota. Andikeni kwenye mkataba miti mingapi na ni ya nani.

Afu vipimo. Dalali akipima kwa hatua zake mwenyewe, ishirini kwa ishirini na hatua zake fupi, hicho bado ni kipande cha shamba. Kiwanja kilichopimwa kina bikoni zenye namba na namba hizo zinasomeka kwenye ramani ya upimaji pale halmashauri, nenda ukazione kwa macho yako ardhini, fukua majani mpaka uione saruji na namba. Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa unasaidia kama ushahidi wa majirani ila haugeuzi shamba kuwa kiwanja, tafuta wakili aandike mkataba. Ukiambiwa hapa urasimishaji unakuja, yaani eneo litapimwa na watu wapewe hati, uliza umefika hatua gani na nani kalipia.

Na bahari, kila mtu anataka kiwanja cha kuona maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, kwa hiyo kile kiwanja cha Msangamkuu ambacho mawimbi yanakulowesha miguu usikinunue kwa ajili ya nyumba ya kuishi hata kama jirani kashajenga.

Likong'o na vijiji vyake ni fundisho la peke yake. Watu wa pale walikaa miaka wameambiwa wasiendeleze maeneo kwa ajili ya mradi wa LNG, fidia ikaanza kulipwa 2020. Kama kuna mtu anakuuzia karibu na eneo la mradi wowote kwa kukwambia utalipwa fidia mara tatu, jiulize kwa nini asisubiri yeye.

Kupanga kuna karatasi moja, mkataba. Uandikwe, hata kama mwenye nyumba ni shangazi yako.

Kutoka mambo yakibadilika

Mtwara na Lindi sio Dar, ukiweka tangazo la nyumba leo hupigiwi simu kesho. Soko la wanunuzi ni dogo, watumishi wenye mikopo, wafanyabiashara wa korosho wachache, watu wa kwao wanaorudi. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu yenye hati, karibu na lami na maji, inauzika, inachukua muda lakini inauzika. Nyumba ya kifahari ndo ngumu, kuna majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa ajili ya wapangaji wa gesi yako pale, yanauzwa kila mwaka na hayajanunuliwa, mlinzi anazeeka nayo. Kwa hiyo kama kuna uwezekano wa kuhamishwa kikazi, nunua nyumba ambayo mwalimu au nesi anaweza kuinunua kutoka kwako.

Ukiuza kuna kodi ya ongezeko la mtaji, kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, kwa hiyo tunza risiti na mikataba tangu siku ya kwanza ili ujulikane ulinunua bei gani na ulitengeneza kwa bei gani, na kwenye mkataba iandikwe nani analipa nini, maana mauzo mengi yanagomea hapo wakati watu walishakubaliana bei.

Kiwanja kilichopimwa kinatoka haraka kuliko nyumba kwa sababu bei yake iko ndani ya uwezo wa watu wengi. Boma nalo ni gumu kuliko vyote viwili, mnunuzi hataki kulipia makosa ya fundi asiyemjua. Kwa hiyo anayejenga ajue katikati ya msingi na bati kuna kipindi ambacho hela yake imefungiwa, kama unahisi utahamishwa ndani ya mwaka au miwili bora ubaki na kiwanja mkononi.

Kupanga hapa hakuna mpinzani, unatoa notisi, unapakia fuso, unaondoka. Unachopoteza ni mabomba uliyoweka na bustani ya mkeo.

Maisha ya kila siku

Hapa tofauti inaletwa na mtaa zaidi ya njia uliyochagua, ila kuna kitu mpangaji anacho ambacho wengine hawana, anaujua mtaa kwa kuulalia. Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, kisima ni cha chumvi au baridi, malori ya makaa ya mawe ya kutoka Ruvuma kwenda bandarini yanapita saa ngapi na vumbi linaelekea wapi, hivi dalali hakwambii na ukija kuangalia nyumba saa nne asubuhi huvioni.

Umeme wa mikoa hii miwili kwa miaka mingi umetegemea mitambo ya gesi ya Mtwara yenyewe bila kuunganishwa na gridi ya Taifa, ndo maana mashine moja ikiharibika mji wote unajua. Laini ya kutoka Songea kupitia Tunduru na Masasi ndo inayotegemewa kumaliza hilo. Anayenunua nyumba nzuri apige hesabu ya sola mapema, anayejenga anaweza kuipangia paa lake tangu mwanzo, mpangaji atahamia kwenye nyumba yenye nayo.

Barabara ya Dar ndo mshipa wetu. Tangu daraja la Mkapa pale Rufiji lifunguliwe 2003 maisha yalibadilika, ila Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara maeneo ya Somanga kule Kilwa na kwa siku kadhaa magari yakakwama. Mwenye nyumba iliyokwisha aliathirika kwenye bei ya vyakula na mafuta, anayejenga alisimamisha saiti kabisa na fundi akaondoka na kazi ya mtu mwingine.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mitengo imesaidia sana Mtwara, na ukiangalia vizuri nyumba za kupanga upande wa Mikindani zina wapangaji kwa ajili hiyo, hao ni watu wa mshahara wa kila mwezi. Lindi wana hospitali ya mkoa ya Sokoine, na upande wa Ngongo watu wanaangalia kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi sio wapangaji wa nyumba nzima ila vyumba vinajaa.

Bahari na hewa

Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja Mtwara mzima tulifungiwa ndani, kikageukia Msumbiji. Wazee wa Lindi walihadithiwa kimbunga cha 1952 ambacho hakikugeuka. Hii ina maana moja tu kwa mnunuzi, panda juu ya dari. Omba ngazi uangalie mbao zimefungwa vipi kwenye ukuta, kama kuna nondo au waya unaoshika paa au zimewekwa tu juu zikapigiliwa misumari.

Chumvi ni adui wa kila siku. Shangani na sehemu zote zinazopigwa na upepo wa bahari grili zinaliwa, bawaba za milango zinaliwa, bati geji nyembamba halifiki mbali. Ukiona grili zimepakwa rangi mpya nyeusi inayong'aa wiki ya kuuzwa, gonga kwa ufunguo sehemu ya chini inapoingia kwenye ukuta, usikie kama ni chuma au ni kutu iliyopakwa. Anayejenga ana nafuu maana anachagua mwenyewe bati na aluminiamu, ila amchunge fundi asilete mchanga wa pwani wenye chumvi kwa sababu ni wa karibu na wa bure. Lindi chini karibu na bahari mvua kubwa inatuamisha maji, wa mlimani Mtanda na Wailes wana hewa na mandhari ila waulize kuhusu maji kupanda.

Mpangaji haya yote anayaona na kuyaacha kwa mwenye nyumba, kwa hiyo asitegemee yatatengenezwa haraka.

Mtwara au Lindi?

Ni kama kilomita 110 tu kati yao lakini dau ni tofauti. Mtwara ina miguu mingi ya kusimamia, bandari yenye gati jipya, kiwanda, hospitali ya kanda, chuo, uwanja wa ndege, na bei yake ilishapanda na kushuka mara moja kwa hiyo wauzaji wengi wameshatulia. Lindi ni mji mdogo, mtulivu, bei bado za chini ukitoa pale ambapo jina la LNG limeshafika kabla ya LNG yenyewe. LNG ikitokea Lindi itapanda zaidi, isipotokea Lindi itabaki kuwa mji wa watumishi na samaki, ambao binafsi naupenda hivyo hivyo. Anayetaka usalama wa kupangisha naona Mtwara, anayetaka sehemu ya kuishi kwa gharama ndogo na haogopi kusubiri, Lindi inamfaa.

Sasa wewe uko wapi

Mtumishi wa miaka mitatu minne hujui utapelekwa wapi: panga, hata kama mkopo umekubaliwa. Ukiona moyo haukai, nunua kiwanja kimoja kilichopimwa chenye bikoni na hati, usianze msingi mpaka ujue kituo chako.

Mtumishi au mfanyabiashara mwenye familia, watoto wako shule hapa na umri wa kustaafu haupo mbali: nyumba iliyokamilika ya kawaida, Magomeni, Chuno, Ligula, au Lindi upande wa juu, usivute sana kwenye ufukwe. Kama bei gawa kodi inakupa miaka chini ya 18 na karatasi ni safi, kubishana zaidi ni kupoteza muda.

Unayeishi kwa korosho: jenga, ila anza kidogo kiasi kwamba msimu mmoja mzuri unakufikisha kwenye bati. Vyumba viwili na choo vilivyopauliwa unaweza kuishi ukaongeza mbele, boma la vyumba vitano huwezi kulala. Na nunua kiwanja Februari au Machi hela za mnada zikishaisha na ada zimeshakula watu, Novemba kila muuzaji ni tajiri.

Una hela ya ziada unataka kuweka dau la gesi: kiwanja kilichopimwa Mingoyo au Mitwero kule Lindi, au upande wa Naliendele, hela ambayo ukiikosa miaka kumi nyumba yako haitikisiki. Usikopee dau.

Uko Dar au nje, unataka nyumba ya wazazi: usimtumie mtu mmoja hela yote, na kama wazazi wameshazoea mtaa wao, kukarabati ile ile waliyonayo, bati jipya, choo cha ndani na tenki la maji, mara nyingi kunamaliza jambo kwa robo ya bei. Ukilazimika kununua kwa mbali, panga chumba mtaa huo huo umuweke mdogo wako akae masika moja nzima, Machi mpaka Mei, akupigie video mvua ikinyesha.